Masanduku Mawili, Treni Mbili: Kwenda na Kutoka Viwanja vya Ndege vya New York kwa Reli

Mama mkubwa alipokuja New York mara ya kwanza alitua JFK na masanduku mawili ya kilo 23 kila moja, pamoja na mkoba wa begani ambao hakutaka kumpa mtu yeyote. Ndani mlikuwa na vitenge, khanga za wajukuu, viungo vya pilau na majani ya chai. Mimi nilikuwa nimempangia njia kwa kufuata dakika. Simu ilinionyesha njia kadhaa, nikachagua iliyokuwa fupi kuliko zote, bila kutazama kwamba ilitutaka tushuke na kupanda treni nyingine mara tatu. Kwenye kituo cha pili lifti ilikuwa imefungwa kwa matengenezo. Nilibeba sanduku la kwanza ngazi mbili, nikalirudia la pili, huku mama mkubwa, mwenye miaka 67 na magoti yanayomuuma, akinisubiri chini peke yake katika mji asioujua. Sijasahau uso wake nilipomkuta amekumbatia mkoba.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ushauri mwingi wa safari hutolewa na mtu asiyeubeba mzigo wenyewe, ndiyo maana huzungumzia dakika na dola tu. Tangu siku ile mimi huanza kwa maswali mawili. Nitashuka na kupanda mara ngapi? Na kila ninaposhuka, kuna lifti? Dakika huja baada ya hayo, na nauli baada ya dakika.

Ni vizuri ujue mapema kwa nini swali la kushuka na kupanda lina uzito kuliko kawaida hapa. London, treni ya chini ya ardhi ya Piccadilly iliingia uwanja wa Heathrow mwaka 1977, na tangu 2022 kuna pia njia ya Elizabeth. Unakaa kwenye kiti kimoja mpaka katikati ya mji. Chicago wana njia ya bluu hadi O'Hare tangu 1984. Hata Washington, waliochelewa, waliifikisha treni yao uwanja wa Dulles Novemba 2022. New York, mji wenye treni zinazokesha saa 24, haina uwanja hata mmoja kati ya vile vitatu vikubwa ambao treni ya mjini inaingia moja kwa moja. Ni lazima ubadilishe mahali fulani. Kazi yako ni kuchagua mahali hapo kwa akili.

JFK ndio uwanja ambao wasomaji wengi wa makala hii wataukuta, maana Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi hapo Oktoba 2018. Ndani ya uwanja kuna treni ndogo isiyo na dereva iitwayo AirTrain, iliyofunguliwa Desemba 2003. Inazunguka kwenye majengo yote ya abiria bure. Inatoka pia nje ya uwanja na kuishia kwenye vituo viwili, Jamaica na Howard Beach, na huko ndiko unakolipa, unapotoka au unapoingia. Bei ni zaidi kidogo ya dola 8. Wengi hulalamika kwamba ni ghali kwa mwendo mfupi hivyo, na mimi naungana nao. Ilijengwa kwa sehemu kubwa kwa ada inayokatwa kwenye tiketi za ndege, na fedha hiyo ilipaswa kuhudumia abiria wa uwanja, kwa hiyo reli ikajengwa ya peke yake, isiyoungana na njia za mji. Nauli yake pia ni ya peke yake: ukilipa AirTrain hujalipa treni ya mjini.

Sasa chagua mlango. Jamaica au Howard Beach?

Kwa mgeni mwenye mizigo, ninapendekeza Jamaica karibu kila mara. (Mwambie mapema kwamba ni mtaa wa Queens. Mama mkubwa aliposikia tunakwenda Jamaica aliniuliza kama tunapanda ndege tena.) Unaposhuka kwenye AirTrain pale, una njia mbili ndani ya kituo kimoja, na lifti zipo kwa zote mbili. Ya kwanza ni treni za Long Island Rail Road, treni za vitongojini, zenye viti vya kutosha na nafasi ya kuweka sanduku. Ya pili ni treni za chini ya ardhi za E, J na Z, ambazo kituo chake kinaitwa Sutphin Boulevard–Archer Avenue–JFK. Jina hilo refu liandike kwenye karatasi, kwa sababu linaloonekana kwenye ramani za treni ni hilo, na mgeni anayetafuta neno "Jamaica" peke yake anaweza kupelekwa kituo kingine chenye neno hilohilo.

Treni ya Long Island hukufikisha Penn Station, katikati ya Manhattan, kwa takribani dakika 20. Treni ya E huchukua karibu mara mbili ya hapo, lakini nauli yake ni karibu dola 3 tu, na ina sifa moja ninayoipenda: inapita vituo vingi ambavyo watu wanafikia kweli, Jackson Heights, Lexington Avenue, mtaa wa 42 penye stendi kuu ya mabasi, Penn Station, hadi World Trade Center. Kama ndugu yako anakaa karibu na kimojawapo, E inakufikisha kwa treni mbili tu, AirTrain na hiyo yenyewe. Lakini ukipanda Long Island hadi Penn kisha ukalazimika kushuka tena chini ya ardhi kutafuta treni ya tatu, ile faida ya dakika 20 imekwisha kwenye ngazi na korido.

Kuna tiketi ya Long Island iitwayo City Ticket, ya safari za ndani ya mji, ambayo ni nafuu kuliko tiketi ya kawaida. Bei yake hupanda saa za msongamano, yaani siku za kazi kwa treni zinazofika mjini kati ya saa 12 na saa 4 asubuhi, na zinazotoka mjini kati ya saa 10 jioni na saa 2 usiku. Inunue kwenye mashine au kwenye simu kabla ya kupanda. Kondakta anauza tiketi ndani ya behewa, lakini anakuuzia kwa bei ya juu zaidi. Na angalia ubao kabla ya kupanda: karibu njia zote za Long Island hupita Jamaica, isipokuwa ile ya Port Washington. Ukiwa Penn Station unaenda uwanjani, ukaparamia treni ya Port Washington kwa sababu imeandikwa Long Island, utaikosa Jamaica kabisa.

Penn Station yenyewe inahitaji uvumilivu. Msomaji aliyezoea SGR yetu, kwamba una tiketi yenye namba ya behewa na kiti, atashangaa. Hapa huna kiti. Namba ya jukwaa hutangazwa dakika chache tu kabla ya treni kuondoka, na umati wote uliosimama ukikodolea ubao huanza kutembea kwa pamoja kuelekea ngazi moja. Ukiwa na masanduku, simama karibu na lifti wala usijisukume katikati ya watu. Ikikupita moja, kwenda Jamaica ipo nyingine baada ya muda mfupi. Tangu Januari 2023 treni za Long Island zinafika pia chini ya Grand Central, kwenye kituo kipya kiitwacho Grand Central Madison. Ni safi na hakina msukumano ule, lakini kiko chini sana. Ngazi zake za umeme ni ndefu hata mtu anayeogopa vilindi anaweza kupata kizunguzungu. Toka barabarani hadi jukwaani jipe dakika 10 kamili, na mzee mpeleke kwa lifti.

Howard Beach ni kwa mtu anayekwenda Brooklyn au Manhattan ya chini, mwenye begi dogo, asiye na haraka. Hapo unapanda treni ya A, njia ndefu kuliko zote za mjini, ya karibu kilomita 50 kutoka Far Rockaway hadi juu kabisa ya Manhattan. Inapita Broadway Junction, Jay Street, Fulton Street, mpaka Harlem kwenye mtaa wa 125. Kutoka uwanjani haina shida. Shida ni wakati wa kurudi, na hapa ndipo nimewaona watu wakipoteza ndege. Treni za A hugawanyika upande wa Queens. Nyingine huenda Far Rockaway au Rockaway Park, na hizo ndizo zinazosimama Howard Beach. Nyingine huishia Ozone Park–Lefferts Boulevard, na hizo haziufikii uwanja. Kinachowachanganya watu zaidi ni kwamba AirTrain nayo ina kituo kiitwacho Lefferts Boulevard, karibu na maegesho ya magari. Abiria anaona jina lilelile kwenye ramani ya uwanja na kwenye treni, anapanda kwa moyo mweupe, kisha anashushwa mwisho wa njia, kwenye mtaa wa maduka, mbali na ndege. Kabla ya kupanda A, soma jina la kituo cha mwisho pembeni mwa behewa. Ukiona Rockaway, panda. Ukiona Lefferts, iache ipite.

Kuhusu kulipa, mambo yamerahisika. Kadi ya zamani ya njano, MetroCard, iliacha kuuzwa mwisho wa 2025. Sasa unagusisha kwenye geti kadi ya benki yenye alama ya mawimbi, au simu, au kadi iitwayo OMNY inayouzwa na mashine za vituoni, ambazo hupokea pesa taslimu pia. AirTrain nayo hupokea mguso huohuo. Ila tiketi ya Long Island ni jambo lingine, usijaribu kuilipia kwa kugusa geti la treni ya mjini. Kama kadi ni ya benki ya nyumbani, iarifu benki kabla ya safari kwamba utaitumia Marekani. Kadi kukataliwa ukiwa getini, nyuma yako kuna watu 20 wanaowahi kazini, ni aibu ambayo simu moja ingeiepusha.

Nirudi kwenye lifti, maana ndiyo iliyonifundisha. Treni za chini ya ardhi za New York zilianza 1904, na vituo vingi vilijengwa bila kumfikiria mtu wa kiti cha magurudumu, mama mwenye mtoto au msafiri mwenye masanduku. Mpaka leo sehemu kubwa ya vituo haina lifti. Kwenye ramani, vilivyo nazo vina alama ya kiti cha magurudumu. Itafute hiyo alama kwenye kituo cha mwisho wa safari yako, si pale unapopandia tu. Watu hukagua Jamaica, wakaridhika, kisha wakafika kituo cha nyumbani kwa mwenyeji wao wakakuta ngazi 40 na hakuna mtu wa kusaidia. Ni afadhali kushuka kituo kimoja kabla, chenye lifti, ukamalizia kwa teksi ya dola chache. Na usiku wa kuamkia safari angalia taarifa za lifti zilizoharibika, ambazo mamlaka ya usafiri huziweka wazi. Angalia pia matengenezo ya wikiendi. Jumamosi na Jumapili treni hubadilishiwa njia, nyingine zikisimama vituo vyote badala ya kuruka, na safari ya dakika 40 ikawa saa nzima.

Tuje kwenye kuondoka. Nina kanuni yangu ya kuhesabu kurudi nyuma. Tuseme ndege inaondoka saa 6 na nusu mchana. Nataka kuwa mbele ya meza ya kukabidhi mizigo saa 3 na nusu asubuhi. Basi Jamaica niwe nimefika saa 3 kasorobo, kwa sababu AirTrain ina kungoja kwake na majengo ya abiria yanafuatana kwa zamu. Kwa hiyo Penn niondoke kabla ya saa 2 na robo, nikiwa na nafasi ya kuikosa treni moja bila moyo kudunda. Asubuhi umati unaingia mjini na wewe unatoka, hivyo behewa lina nafasi na tiketi ni ya bei ya chini. Ndege za jioni ni kinyume chake. Ukitoka saa 11 jioni unakutana na wafanyakazi wote wanaorudi Long Island, na masanduku yako yanakuwa ukuta katikati ya mlango. Kwa ndege ya jioni mimi hutoka mchana, nikala chakula changu uwanjani kwa utulivu.

Na tafadhali, mnapopeana saa kwa simu na ndugu walioko nyumbani, semeni kama ilivyoandikwa kwenye tiketi. "Njoo unipokee saa 2" kwa anayetoka Tanga ni asubuhi penye jua, na kwa mpwa aliyekulia Queens ni saa 8 ya mchana. Kumbukeni pia kwamba New York iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa 8 wakati wa baridi na saa 7 wakati wa joto, kwa kuwa hapa saa husogezwa Machi na Novemba.

Newark, upande wa New Jersey, una mtego mmoja mkubwa, na mtego huo ni neno Penn. Kuna Penn Station ya New York na kuna Penn Station ya Newark, zote ziko kwenye reli moja. Ukitoka Manhattan kwa treni ya NJ Transit kwenda uwanjani, utafika Newark Penn Station kwanza. Watu husikia "Newark", wanasimama, wanashusha masanduku. Siyo hapo. Kaa. Kituo chako kinafuata, kinaitwa Newark Liberty International Airport, na kimekuwapo tangu 2001. Ukitokea uwanjani kosa huwa la upande wa pili: mgeni ameambiwa ashuke Penn Station, anashuka ya Newark, anaanza kutafuta Times Square ng'ambo ya mto. Mwambie mgeni wako "New York Penn", kwa ukamilifu wake, na umwambie kwamba treni itapita chini ya mto kabla ya kufika.

Treni zinazofaa ni za njia ya Northeast Corridor na North Jersey Coast, lakini hata humo baadhi hupita kituo cha uwanja bila kusimama. Kwenye ubao wa safari tafuta alama ya ndege mbele ya treni. Bila alama hiyo, usipande. Tiketi ya NJ Transit ya kituo cha uwanja inajumuisha AirTrain ya Newark, ndiyo maana bei yake inaonekana kubwa. Itunze mpaka mwisho, kwa sababu kwenye mageti ya kituo hicho utadaiwa tena. Aliyeko Manhattan ya chini au Jersey City anaweza kupanda treni ya PATH hadi Newark Penn, kisha akachukua NJ Transit kwa kituo kimoja kilichobaki. Ni njia nzuri kwa mwenye begi moja.

LaGuardia haina reli. Mpango wa kuipa AirTrain yake uliachwa mwaka 2023, na kwa kweli sisikitiki, kwa sababu basi la Q70 linafanya kazi hiyo vizuri na ni bure tangu 2022. Linatoka Jackson Heights–Roosevelt Avenue, kituo chenye lifti ambapo treni za E, F, M, R na 7 hukutana, na linapita pia Woodside kwa wanaotumia Long Island. Lina mahali pa kuweka masanduku. Linahudumia majengo ya B na C. Wanaotoka Harlem wana basi la M60 kwenye mtaa wa 125.

Kuna siku treni haifai, nami sitaki mtu aitumie kwa ukaidi. Teksi za njano zina bei maalumu ya dola 70 kati ya JFK na Manhattan, kabla ya ada nyingine, ushuru wa barabara na bakshishi. Familia ya watu wanne wenye masanduku manane ichukue teksi bila kuona vibaya: wakigawana, gharama haiko mbali sana na treni, na watoto hawatalia ngazini. Mgonjwa apande teksi. Anayefika usiku wa manane kwenye baridi ya Januari, akiwa peke yake na asiyejua Kiingereza, apande teksi, lakini aifuate kwenye foleni rasmi nje ya jengo, asimfuate mtu anayemjia ndani akimnong'oneza "taxi, taxi". Siku za kazi jioni, hata hivyo, barabara ya Van Wyck inayokwenda JFK hujaa magari hadi yakasimama, na hapo teksi ya dola 70 inakaa kwenye foleni huku AirTrain ikipita juu ya kichwa chako, kwenye nguzo zilizojengwa katikati ya barabara ileile.

Neno moja kwa wenyeji wanaopokea wageni. Kijana anayejua kusoma ramani msubiri Jamaica, upande wa nje wa mageti ya AirTrain. Mtaonana, kwa sababu wote wanatokea hapo, nawe hutalipa AirTrain kwenda na kurudi. Kabla hajapanda ndege mtumie picha ya jina la kituo na ya mageti yenyewe, aihifadhi kwenye simu, maana akitua atakuwa bado hana laini ya hapa. Mzee mpokee ndani, pale mlango wa abiria wanaotoka forodhani, hata kama ndege yake imetua alfajiri. Chukua sanduku lake kubwa wewe. Mkoba wa begani mwachie.